Gita la Mkono wa Kushoto

Hadi saa tatu asubuhi ya Alhamisi ile, jalada la Hamza Kondo lilikuwa na karatasi mbili tu. Ya kwanza ilikuwa maelezo yake, yaliyoandikwa na askari wa zamu aliyeonekana wazi kuwa na haraka ya kwenda kunywa chai. Ya pili ilikuwa tangazo.

Inspekta Elinipa Mbwambo wa upelelezi, Kibaha, alilitazama tangazo kwa mara ya nne. Karatasi ilikuwa mpya, lakini rangi zake zilikuwa za miaka ile: machungwa, kahawia na manjano iliyopauka. Juu yalikaa maandishi manene ya mviringo: KAZIMZUMBWI JAZZ WAMERUDI. Chini yake, kwa herufi ndogo: "Nyimbo kumi za mwaka 1976, sasa katika albamu moja." Pembeni ya maandishi alikaa mwanamke wa miaka ishirini hivi, kasuka twende kilioni, kashika gita, anatazama upande huku amebana kicheko. Kwa mujibu wa karatasi ya kwanza, huyo alikuwa marehemu Hamisa binti Kitwana, mama mzazi wa mlalamikaji.

Mlalamikaji mwenyewe alikuwa ameketi mbele ya meza, kanzu imepigwa pasi, mikono juu ya magoti. Mkulima wa mpunga wa kule Mlandizi, miaka hamsini na moja.

"Una uhakika ni yeye?" Elinipa aliuliza.

"Afande, mtu anaweza kumkosea mama yake?"

"Alipofariki ulikuwa na miaka minne. Imeandikwa hapa."

"Tulikuwa na picha yake ukutani. Ruvu ilipofurika mwaka wa tisini na nane ikaondoka na picha, ukuta na kuku wote. Lakini nilikuwa nimeshaitazama miaka ishirini. Ni yeye."

"Kwenye picha ya ukutani alikuwa na gita?"

"Hapana. Mikono alikuwa ameikunja tu. Lakini pazia la nyuma ni hilihili, lenye ngazi na vyungu vya maua. Na gauni ni hilihili."

Elinipa aliandika: picha mbili, siku moja. Alikuwa na desturi ya kuandika hata kile ambacho asingeweza kukisahau, na vijana wa ofisini walimcheka kwa hilo.

"Sasa niambie kinachokuuma. Si gauni."

Hamza alilinyooshea tangazo kidole. "Tangu Jumapili tangazo linazunguka kwenye makundi ya simu. Shangazi yangu, dada yake baba, amesema mbele ya watu kwamba sasa mambo yamejulikana. Mama alikuwa mwimba bendi, ndiyo maana baba alimrudisha kwao Kisarawe. Alifia huko, afande. Baba hakuwahi kunieleza kwa nini alimpeleka, mpaka na yeye tukamzika. Kwa hiyo sababu ilikuwa haipo. Sasa kila mtu Mlandizi anayo."

"Na wewe unaamini?"

"Mama alikuwa mashoto. Shangazi huyohuyo alinisimulia zamani. Akikaa kukuna nazi, watu wanacheka anavyozungusha mkono. Tazama gita kalishika vipi. Mkono wa kushoto ndio unaopiga. Mtu hashiki hivyo kwa kubahatisha."

Elinipa aliliandika na hilo. Mkuu wake alikuwa amemwambia amalize jambo hili leo, kwa sababu tangazo lilikuwa linapelekwa kwa jarida moja likachapishwe, mwisho saa kumi alasiri. Baada ya hapo mama wa Hamza angekuwa kwenye meza za vinyozi nchi nzima, na jina baya pamoja naye.

Aliyetengeneza tangazo alikuwa na chumba chake Sofu, nyuma ya duka la sabuni na vocha. Jina lake Yasmin, binti wa miaka ishirini na sita, mwenye ushungi wa kijani na kompyuta iliyobandikwa vipepeo. Alipomwona Hamza amefuatana na mwanamke aliyetanguliza kitambulisho, alisimama.

"Shikamoo afande. Shikamoo mzee. Wallahi mimi nimepewa kazi tu."

"Marahaba. Kaa. Nani kakupa?"

"Halidi, mjukuu wa kiongozi wa bendi. Alikuja na tangazo lao la zamani, lilitoka kwenye jarida mwaka huohuo wa sabini na sita. Akasema nataka jipya, lakini lifanane na hili mpaka mzee aliyelisoma wakati ule ashtuke. Tatizo, lilikuwa limechanika, tena katikati ya uso. Nikaulizia mpaka nikaipata picha yenyewe Kisarawe, studio iliyompiga. Nikaiskani, nikairudisha palepale."

Elinipa alipitisha kidole juu ya karatasi yake. "Kwa nini kuna mkunjo hapa wakati karatasi haikukunjwa?"

"Nimeuchora."

"Umechora mkunjo?"

"Na vumbi. Na doa la chai pale kona. Watu siku hizi wanataka kitu kilichochoka, mama."

"Waje kwangu, vimejaa. Na huku chini, karibu na kiatu? Hili si doa la chai."

Yasmin aliinama kutazama, kama vile hakuwahi kuliona. "Hapo palikuwa na jina la studio, limeandikwa kwenye pazia. Nikalifuta."

"Kwa nini ulifute? Jina la studio ya zamani si ndiyo uzuri wenyewe?"

"Lilikuwa linasomeka kinyumenyume."

"Lilipigwa hivyo?"

"Hapana, lilikuwa sawa. Lilipinduka nilipomgeuza."

Elinipa aliweka kalamu chini. Hicho ndicho alichokuwa amekuja kukitafuta, ingawa hakujua kama kipo.

"Ulimgeuza nani?"

"Huyu mama. Ni kanuni ya kazi, afande. Mtu aliye kwenye tangazo lazima atazame maandishi. Akitazama nje ya ukurasa, msomaji naye anatoka. Picha ilikuwa inatazama kushoto, maneno niliyaweka kulia, kwa hiyo nikampindua. Kila mtu anafanya."

"Mrudishe alivyokuwa."

Yasmin alibonyeza mara mbili. Mwanamke aliyekuwa kwenye kioo aligeuka upande wa pili, na jina likajitokeza kwenye pazia: STUDIO YA MWINYIMADI, KISARAWE. Sasa shingo ya gita ilikuwa kwenye mkono wa kushoto, na mkono wa kulia ndio uliokuwa kwenye nyuzi, kama wapigaji wengi wanavyoshika. Hamza alikuwa amesimama bila kujua.

"Kuna kingine ulichobadilisha?" Elinipa aliuliza. "Fikiri kabla ya kusema."

"Nyuzi," Yasmin alisema kwa sauti ya mtu anayekiri. "Gita lilikuwa na nyuzi tatu. Nikachora tatu nyingine, lipendeze."

"Binti, nimekuja hapa na shahidi mmoja tu. Nakuta umembadilisha mkono, umemwongezea nyuzi tatu na ukammwagia chai."

Yasmin alitaka kucheka, akaona uso wa Hamza, akaacha.

Elinipa alimgeukia mlalamikaji na kumpangia mambo polepole, kwa sababu alijua yatamgusa. Mama yake alikuwa mashoto. Kwenye picha halisi gita limeshikwa kama linapigwa kwa mkono wa kulia, nalo lina nusu ya nyuzi. Mpigaji asingekubali kupigwa picha na gita la namna ile. Inaelekea aliwekewa mikononi akaambiwa alishike. "Lakini hii ni dalili, Bwana Hamza. Si ushahidi. Mtu anaweza asijue gita na bado akaimba."

"Kwa hiyo huenda si yeye anayeimba?"

Alipaswa kuuliza hivyo kwa furaha. Hakuuliza kwa furaha, na Elinipa alilisikia hilo.

"Huo wimbo unaozunguka pamoja na tangazo umeusikiliza?"

"Upo kwenye simu."

"Mara ngapi?"

"Sijahesabu." Hamza alikaa tena. Macho yake yalibaki kwenye kioo, na Yasmin, bila kuambiwa, akaukuza ule uso mpaka ukajaa. "Sauti yake siijui, afande. Niliisikia nikiwa mdogo, haikubaki. Nikiwa shambani nauweka huu wimbo, najiambia huyu ndiye aliyenibembeleza. Kama ni mwimbaji, watu wamepata la kusema. Kama si mwimbaji, basi ile sauti si yake. Sijui niombe lipi."

Elinipa alimwonea huruma, na kwa kuwa huruma haiandikwi kwenye jalada, alifunga daftari.

"Yasmin, hiyo picha uliitazama nyuma?"

"Nyuma kuna nini? Niliiskani mbele tu."

"Mbele watu wote tumeshaona. Usilitume tangazo mpaka nikupigie."

"Nikipitisha saa kumi wanaweka tangazo la godoro, mama, na toleo jingine ni baada ya miezi mitatu. Bendi imebaki na wazee wawili. Halidi anaogopa." Alitazama saa ya kompyuta. "Nitasubiri mpaka saa kumi kasoro dakika tano."

Taratibu hazimruhusu mlalamikaji kufuatana na mpelelezi kwenda kwa mashahidi. Elinipa alimweleza Hamza taratibu hizo vizuri kabisa, na Hamza alizisikiliza kwa heshima akiwa ameshakaa ndani ya gari na kufunga mkanda. Wakashika njia ya Kiluvya, wakatokea Mpuyani, wakafika Kisarawe saa saba na nusu, vumbi limewajaa mpaka kwenye nyusi.

Studio ya Mwinyimadi ilikuwa imebaki jina. Ndani kulikuwa na mashine ya kutoa kopi, kiti cha kupigia picha za pasipoti na kitambaa cha buluu. Mwinyimadi alikuwa amefariki siku nyingi. Aliyekuwepo ni binti yake, Nuria, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi.

"Karibuni. Ni picha za pasipoti au za fomu?"

"Za zamani," alisema Elinipa, akaonyesha kitambulisho. "Kuna binti alikuja kuiskani moja, ya mwanamke mwenye gita."

"Yule wa ushungi wa kijani. Ameharibu?"

"Amejaribu."

Nuria alitoa sanduku la chuma chini ya meza. Baba yake, alieleza, kwa kila mteja alikuwa akibakiza nakala moja ya kuweka dirishani, ili wapita njia waone. Zilipopauka alizirudisha humu. Hakuwahi kutupa hata moja, na yeye Nuria hakuwa na moyo wa kuanza.

Elinipa aliomba meza. Badala ya kutafuta ile moja, alizitoa zote na kuanza kuzipanga, na Hamza alimtazama kwa mashaka. Baada ya dakika kumi meza ilikuwa imejaa. Muuza nyama mwenye kitambi, kashika gita. Bwana harusi na kofia ya viua, kashika gita. Wanajeshi wawili wa mgambo, kila mmoja kashika ncha yake. Msichana wa shule. Bibi asiye na meno. Lilikuwa gita lilelile, lina nyuzi tatu na ufa mdogo karibu na tundu.

"Kumi na moja," alisema Elinipa. "Mji mzima ulikuwa bendi?"

Nuria alicheka mpaka akavua miwani. "Hilo gita halikuwahi kulia hata siku moja. Baba alilinunua bovu kwa ajili ya picha. Mteja akiingia anaulizwa, unataka gita au unataka simu? Wasiotaka gita walishika simu ya mezani, nayo haikuwa na waya."

Hamza aliichukua picha ya bibi asiye na meno, akaitazama, akairudisha taratibu. Kona ya mdomo wake ilikuwa imelegea kwa mara ya kwanza siku ile.

Picha ya Hamisa ilikuwa ya mwisho kabisa, kwa kuwa iliporudishwa juzijuzi ilichomekwa chini ya nyingine zote. Elinipa aliipokea kwa vidole viwili na kuigeuza. Nyuma kulikuwa na mistari mitatu ya penseli, mwandiko uliolala. Aliisogeza mwangani.

"Bila gita: Kondo wa Mlandizi, atafuata mwenyewe Jumamosi. Ya gita: Zuleha binti Mwalimu. Moja dirishani."

"Haya majina ni ya nani?" alimuuliza Nuria. "Ni ya aliyepigwa?"

"Hapana. Baba hakuandika jina la aliyepigwa, uso si unauona? Aliandika jina la atakayekuja kuchukua."

Elinipa alimkabidhi Hamza picha. Alimwacha asome. Hamza alisoma mara moja, kisha akaweka kidole juu ya jina la baba yake na kukiacha hapo.

"Baba alikuja hapa," alisema.

"Alikuja, na picha zote mbili zilipigwa siku moja, zikaandikwa mahali pamoja. Mwanamume anayemwonea haya mkewe, au aliyefichwa jambo na mkewe, haachi jina lake nyuma ya picha ya gita. Baba yako alilijua hili tangu mwanzo." Alimgeukia Nuria. "Huyu Zuleha yupo hai?"

"Bi Zuleha? Asubuhi nimemwona anasuka mkeka. Mtaa wa pili, nyumba yenye mlango wa bati."

Bi Zuleha alikuwa barazani, miguu kainyoosha, mkeka mapajani. Alikuwa mwembamba, umri karibu miaka sabini, mwenye vidole vya haraka. Elinipa alitoa shikamoo, akaanza kujieleza, lakini bibi hakuwa akimsikiliza. Alikuwa akimtazama Hamza, ambaye alikuwa amesimama nyuma, kisigino kimoja kakiegemeza juu ya mguu wa pili.

"Huyu anayesimama kwa mguu mmoja ni mtoto wa Kondo," alisema.

"Shikamoo mama," alisema Hamza.

"Marahaba mwanangu. Njoo ukae. Mimi nilikuwa nakubeba, ulikuwa mzito na mkorofi."

Waliketi. Kahawa ilipikwa na mjukuu wa kike aliyekuja na kuondoka. Elinipa alifungua daftari lake, akatoa simu na kuuweka ule wimbo kwa sauti ya chini. Haukufika hata kwenye kiitikio. Bi Zuleha aliinua mkono.

"Zima. Huyo ni mimi."

Hamza aliinamisha kichwa. Elinipa aliona mabega yake yakishuka, akaendelea kuuliza kwa sababu ndiyo kazi.

"Kama sauti ni yako, kwa nini tangazo lina uso wa Hamisa?"

"Kwa sababu uso wangu ulikuwa na baba." Bi Zuleha aliusogeza mkeka pembeni. "Baba yangu alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani. Mimi na Hamisa tuliwekwa ndani kwa unyago mwaka mmoja, tukachezwa pamoja, tukatolewa siku moja. Mtu wa namna hiyo si rafiki tu. Yeye akaolewa Mlandizi, mimi nikabaki. Nilikwenda Dar kwa shangazi kusuka nywele, nikarudi nywele zimesukwa na nyimbo mbili nimeziimba. Hakuna aliyejua. Kisha bendi wakasema wanataka picha ya mwimbaji, itoke kwenye jarida. Nikalia. Hamisa alikuwa amekuja kuwatazama wazee wake, akaniuliza unalilia nini? Nikamwambia. Akasema, sauti toa wewe, sura nitatoa mimi. Wewe wa kukuuliza ni baba yako, na baba yako hana mchezo. Mimi wa kuniuliza ni Kondo, na Kondo atacheka tu."

"Alicheka?"

"Alicheka mpaka akakaa chini. Ndiye aliyempeleka studio. Mwinyimadi akampa lile gita lake bovu." Alimgeukia Hamza. "Na wewe ulikuwepo. Baba yako alisimama mlangoni kakubeba, wewe unalia unataka gita. Mwinyimadi anamwambia mama yako tazama hapa kwenye kamera, yeye macho yanakwenda mlangoni, anabana kicheko. Ikapigwa hivyohivyo. Ile picha, mwanangu, anakutazama wewe."

Hamza alifunika uso kwa mikono miwili. Elinipa aligeuka kutazama barabara, akaihesabu mifenesi ya jirani, ilikuwa minne. Machozi yalimkaribia na yeye, na hakuyaonea haya.

Baadaye kidogo aliuliza lile swali la kwenye jalada. "Bi Zuleha, Mlandizi wanasema Hamisa alirudishwa kwao kwa ajili ya bendi."

"Nani kasema?"

"Limesemwa."

"Basi aliyesema hakuwepo. Huyu alizaliwa kulekule Mlandizi, mama yake akahangaika siku tatu. Mimba ya pili ilipoingia mwezi wa nane, Kondo akasema safari hii aende kwa mama yake, ndivyo tunavyofanya kwetu. Akamleta mwenyewe, kwenye lori la mchanga, kamtandikia godoro. Hamisa alifariki na mtoto wake siku moja. Kondo alikaa hapa mpaka arobaini ilipopita, kila siku yuko kaburini, hasemi na mtu. Sidhani kama alipata nguvu ya kulisimulia. Wengine huzuni inawafunga mdomo moja kwa moja." Alimgusa Hamza goti. "Hakurudishwa. Aliletwa azae. Ukimaliza kahawa nitakupeleka alipolala."

Elinipa aliyaandika maelezo yote, akayasoma kwa sauti, na Bi Zuleha akaweka dole gumba. Shahidi mmoja na mistari mitatu ya penseli. Mbele ya hakimu vingebishaniwa. Lakini hakukuwa na hakimu katika jambo hili, kulikuwa na mtu mmoja tu aliyetaka kujua, na amejua.

Bi Zuleha alikuwa bado anacheka peke yake. "Kinachonichekesha ni baba. Wimbo ulipoanza kupigwa redioni aliupenda. Akipalilia mihogo anauimba. Akasema, mtoto wa Kitwana ana sauti, Mungu amsamehe. Mimi nimesimama pale na jembe, nakufa."

Simu ya Elinipa ilianza kuita. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika ishirini na tano.

"Afande, nifanye nini?" Yasmin aliuliza. "Halidi yuko hapa, anatembea huku na huku."

Elinipa aliiweka simu ili wote wasikie. Kwa utaratibu alianza na mwenye sauti. Alimuuliza Bi Zuleha kama anataka jina lake litokee au libaki lilivyokuwa, halipo.

"Baba amekufa miaka thelathini," alisema Bi Zuleha. "Sasa wa kuniuliza ni nani? Niwekeni."

"Bwana Hamza?"

Hamza aliichukua simu na kuishika mbele ya mdomo kwa mikono yote miwili. "Mwanangu, huyo mama mgeuze. Atazame kule alikokuwa anatazama."

"Nikimgeuza atatazama nje ya ukurasa, mzee."

"Basi hamisha maneno uyalete upande wake. Mama asisumbuliwe."

Zikasikika sauti za vidole na sauti ya kiume ikisema kitu kwa wasiwasi, na Yasmin akimwambia atulie. Waliinywa kahawa yote. Elinipa alitazama saa yake mara nyingi kuliko alivyopenda kuonekana. Ilipobaki dakika kumi na mbili, picha iliingia kwenye simu. Hamisa alikuwa anatazama kushoto, na maandishi yote manene yalikuwa yamehamia upande huo, yamempisha. Mkunjo na doa la chai vilikuwepo bado. Nyuzi zilikuwa tatu.

"Sauti nimeandika Zuleha binti Mwalimu," Yasmin alisema. "Chini yake nimeacha nafasi. Sura ni ya nani? Niambie jina kamili."

Hamza alifungua mdomo, akasita. Miaka yote, kabla ya jalada lile, hakuna mtu aliyewahi kumuuliza jina la mama yake. Shuleni waliandika la baba, benki waliandika la baba.

"Hamisa binti Kitwana," alisema. Kisha akalisema tena, safari hii kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Sura ni ya Hamisa binti Kitwana, mke wa Kondo wa Mlandizi."

"Yote hayo?"

"Yote."

Picha ikaja mara ya pili. Hamza aliisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu, akampa Bi Zuleha, ambaye naye aliisogeza mbali.

"Mwanangu, hayasomeki. Ongeza."

"Mzee, mtindo wa zamani maandishi ya chini huwa madogo. Ndiyo uzuri wake."

"Ongeza."

Dakika sita. Elinipa alikuwa ameshafungua jalada na kuandika kwamba mlalamikaji hana tena malalamiko, akamsogezea Hamza kalamu atie sahihi. Hamza hakuiona. Picha ya tatu ilikuwa imeingia, jina limekua, limeanza kugusana na kiatu cha mama yake.

"Sasa nadhani imetosha," Yasmin alisema.

"Kwetu wengi hatuna miwani," alisema Hamza. "Ongeza tena."